Kumsikiliza Mtoto Mmoja Akisoma: Afua ya Mapema ya Usomaji na Mafunzo Yake kwa Madarasa ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza afua ya mapema ya usomaji inayotolewa kwa mtoto mmoja mmoja, yaani msaada wa muda mfupi anaopewa mwanafunzi wa madarasa ya mwanzo anayeachwa nyuma na wenzake katika kusoma. Mfano unaochunguzwa ni programu ya Reading Recovery iliyoanzia New Zealand katika miaka ya 1970 na kuenea Australia, Marekani na Uingereza. Baada ya kueleza chimbuko lake, mpangilio wa somo lake na mjadala kuhusu matokeo yake, makala yanaonyesha kwamba sehemu mbili za programu hiyo hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni utaratibu wa kumsikiliza mtoto mmoja na kuandika anachokisoma. Huu unafaa kukopwa. Ya pili ni nadharia inayomruhusu mtoto kukisia neno kwa picha na muktadha; hii haiendani na maumbile ya Kiswahili, lugha ambayo silabi ndogo za ndani ya neno hubeba nafsi, wakati na mtendwa. Makala yanahitimisha kwa pendekezo la utaratibu mwepesi unaoweza kutekelezwa katika madarasa yenye wanafunzi wengi.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ufundishaji wa kusoma, ufa huonekana mapema sana. Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani, Connie Juel, alichapisha matokeo ya utafiti uliowafuatilia watoto 54 wa shule moja katika jimbo la Texas tangu darasa la kwanza hadi la nne. Aligundua kwamba mtoto aliyekuwa msomaji dhaifu mwishoni mwa darasa la kwanza alikuwa na uwezekano wa 0.88 wa kubaki msomaji dhaifu mwishoni mwa darasa la nne. Miaka miwili kabla yake, Keith Stanovich alikuwa ameeleza sababu ya hali hiyo: anayesoma vizuri husoma zaidi, na kwa kusoma zaidi hupata msamiati na maarifa yanayomwezesha kusoma vizuri zaidi, asiyeweza kusoma hukwepa kusoma, na pengo hupanuka kila mwaka.

Pengo hilo halitokei mbali nasi. Tangu mwaka 2009, mpango wa Uwezo umekuwa ukiwapima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda nyumbani kwao, mmoja baada ya mwingine, na ripoti zake zimeonyesha mara kwa mara kwamba wapo wanafunzi wengi wa madarasa ya juu ya msingi wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Watoto hawa hawakukosa shule. Walikaa darasani, waliitikia pamoja na wenzao, walinakili kutoka ubaoni, na wakapandishwa darasa. Kilichokosekana ni mtu mzima aliyeketi karibu na kila mmoja wao kwa dakika chache na kumsikiliza akisoma peke yake.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, programu zilizojengwa juu ya usikilizaji huo katika nchi nyingine zina mafunzo gani kwa mwalimu anayefundisha kusoma kwa Kiswahili?

2.0 Chimbuko la Afua

Mwasisi wa Reading Recovery ni Marie Clay (1926–2007), mwanasaikolojia wa ukuaji wa watoto katika Chuo Kikuu cha Auckland. Kwa ajili ya tasnifu yake ya uzamivu iliyokamilika mwaka 1966, Clay aliwafuatilia watoto 100 wakati wa mwaka wao wa kwanza shuleni, akiandika wiki hadi wiki walichokifanya walipofungua kitabu. Hakuanza na watoto walioshindwa akiwa na orodha ya dosari zao. Alianza kwa kutazama namna watoto wote, wenye kasi na wasio na kasi, wanavyoingia katika maandishi. Kutokana na kazi hiyo alibaini kwamba baada ya mwaka mmoja wa shule inawezekana kuwatambua watoto wanaoanza kupotea, kabla hawajazoea kushindwa.

Mwaka 1976 alianza mradi wa kuchunguza jinsi walimu wanavyoweza kuwasaidia watoto hao, na katika muongo wa 1980 programu ikaenezwa nchini New Zealand kote. Mwaka 1984 ilifika Australia katika jimbo la Victoria na Marekani katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Uingereza iliipokea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Marekani pia kulitengenezwa toleo la Kihispania, Descubriendo la Lectura. Toleo hilo linatukumbusha kwamba afua ya kusoma haihamishwi kutoka lugha hadi lugha kwa tafsiri. Hubidi ijengwe upya.

3.0 Mpangilio wa Somo

Mtoto anayechaguliwa ni yule aliye chini kabisa katika darasa lake baada ya mwaka wa kwanza wa kufundishwa kusoma, kwa kawaida akiwa na umri wa miaka sita. Hufundishwa peke yake na mwalimu aliyepata mafunzo maalumu, kwa dakika 30 kila siku ya shule, kwa wiki 12 hadi 20. Akifikia wastani wa darasa lake, masomo hukoma. Asipofikia, hupelekwa kwa wataalamu kwa uchunguzi zaidi.

Kabla ya kuanza, mtoto hupimwa kwa kazi sita: kutambua herufi, kuelewa kanuni za maandishi (kwa mfano, tunaanzia wapi kusoma na tunaelekea upande gani), kusoma maneno, kuandika maneno anayoyajua, kuandika sauti anazozisikia katika sentensi anayosomewa, na kusoma matini. Baada ya hapo, mwalimu hutumia takribani wiki mbili za mwanzo bila kufundisha jambo jipya. Hushughulika na yale tu ambayo mtoto anayajua tayari, ili mtoto aonje kufaulu na mwalimu amjue mtoto wake.

Somo lenyewe lina hatua zinazofuatana. Mtoto husoma tena vitabu vifupi anavyovijua. Kisha husoma kitabu kilichokuwa kipya jana, naye mwalimu, bila kumsaidia, huandika kila anachokitamka: alama ya vema kwa neno lililosomwa sawa, na neno lililotamkwa juu ya neno lililoandikwa pale yanapotofautiana. Hufuata kazi fupi ya herufi na maneno, mara nyingi kwa herufi za sumaku. Mtoto hutunga na kuandika sentensi yake mwenyewe. Mwalimu humchorea visanduku, kisanduku kimoja kwa kila sauti, mbinu iliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Kisovieti Daniil Elkonin. Sentensi hiyo hukatwa vipande na mtoto huipanga upya. Mwisho huletwa kitabu kipya, ambacho kesho yake kitakuwa kipimo.

Kiini cha mpangilio huu ni rekodi ya usomaji. Mtoto akisoma sawasawa maneno 95 au zaidi katika kila 100, matini hayo ni mepesi kwake. Kati ya 90 na 94, yanafaa kufundishia. Chini ya 90, ni magumu. Hata hivyo, asilimia si jambo kuu. Jambo kuu ni kwamba kila kosa limeandikwa, na kila kosa lina sababu. Somo la kesho hupangwa kutokana na makosa ya leo.

4.0 Matokeo na Ukosoaji

Programu hii imechunguzwa kuliko nyingi za aina yake. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kati ya mwaka 2011 na 2015, ukihusisha zaidi ya watoto 6,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu, ulionyesha kwamba waliopata masomo mapema waliwapita kwa kiasi kikubwa wale waliokuwa wakisubiri zamu. Hiyo ilikuwa habari njema, lakini ilipima hali ya watoto mara tu masomo yalipokwisha.

Matokeo ya ufuatiliaji yaliyotolewa mwaka 2022 yalileta mashaka. Watafiti waliwalinganisha watoto waliokuwa chini kidogo ya kiwango cha kuchaguliwa, na hivyo wakapata afua, na wale waliokuwa juu kidogo ya kiwango hicho, ambao hawakuipata. Kufikia darasa la tatu na la nne, waliopata afua walikuwa na alama za chini kuliko wenzao. Watetezi wa programu walisema kwamba taarifa za watoto wengi zilikuwa zimekosekana katika ufuatiliaji huo, na kwamba mtoto aliyeinuliwa kisha akaachwa bila msaada hawezi kutarajiwa kubaki alipofikishwa.

Ukosoaji wa pili unahusu nadharia. Clay aliuona usomaji kuwa utatuzi wa matatizo unaotumia vyanzo vitatu vya habari: maana, muundo wa sentensi, na herufi zinazoonekana. Katika utekelezaji, walimu wengi waliwahimiza watoto kutazama picha na kufikiria neno gani lingefaa mahali hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey, miongoni mwao William Tunmer na James Chapman, walisisitiza kwa miaka mingi kwamba mtoto dhaifu anahitaji zaidi mafunzo ya wazi na yenye mpangilio ya uhusiano wa sauti na herufi. Hoja hiyo hatimaye ilikubaliwa katika sera. Kuanzia mwaka 2025, shule za umma za New Zealand zilitakiwa kufundisha kusoma kwa mfumo huo wa hatua kwa hatua, na ufadhili wa serikali kwa Reading Recovery ukakoma katika nchi ilikozaliwa.

Itakuwa kosa kuhitimisha kutokana na hayo kwamba msaada wa mtoto mmoja mmoja haufai. Kilichotiliwa shaka ni namna ya kumfundisha mtoto atambue neno, na ukosefu wa ufuatiliaji baada ya masomo kwisha. Kumsikiliza mtoto na kuandika makosa yake hakujakanushwa na upande wowote.

5.0 Maumbile ya Kiswahili na Usomaji

5.1 Sauti, herufi na silabi

Utafiti wa Seymour, Aro na Erskine uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika lugha mbalimbali za Ulaya. Watoto wa Kifini, lugha ambayo herufi zake zinafuata sauti kwa uaminifu, walisoma karibu maneno yote mepesi waliyopewa; watoto wa Kiingereza wa Scotland walisoma takribani theluthi moja tu. Kiswahili kiko upande wa Kifini. Irabu tano husomwa vilevile popote zilipo, na silabi nyingi huishia na irabu. Mtoto wa Kiingereza akikutana na neno "one" au "said", herufi zenyewe hazimfikishi. Kishawishi cha kukisia kinaeleweka. Mtoto wa Kiswahili hana sababu hiyo.

Hata hivyo, wepesi huo una mitego yake. Herufi "ng" katika "ngoma" na "ng'" katika "ng'ombe" ni sauti mbili tofauti zinazotenganishwa na alama ndogo inayosahaulika hata katika mabango. Herufi "mb" hufungua silabi moja katika "mbuzi", lakini katika "mbu" sauti "m" ni silabi kamili, nayo ndiyo inayobeba mkazo. Mtoto aliyefundishwa kwa kukariri ba-be-bi-bo-bu peke yake atakwama hapa, na kukwama kwake hakutasikika katika uitikiaji wa pamoja.

5.2 Neno refu lenye sentensi ndani yake

Ugumu mkubwa zaidi uko katika urefu wa neno. "Hawakutuletea" ni neno moja lenye silabi saba, na ndani yake mna ukanushi, nafsi ya watendaji, wakati uliopita, nafsi ya watendewa, mzizi na kauli ya kutendea. Ukibadilisha silabi moja, umebadilisha habari yote. Hapa ndipo mbinu ya kukisia inapoharibu. Picha inaweza kumwonyesha mtoto kwamba watoto wanacheza. Haiwezi kumwambia kama maandishi yanasema "walicheza", "wamecheza" au "watacheza". Anayekisia atapata mzizi na kukosa wakati.

Aidha, urefu huo unaathiri namna ya kuhesabu makosa. Kipimo cha maneno 90 katika 100 kilitengenezwa kwa lugha yenye maneno mengi mafupi. Mtoto anayesoma sawa silabi sita kati ya saba za "hawakutuletea" huhesabiwa kosa sawasawa na aliyeshindwa neno zima. Katika Kiswahili inafaa rekodi ionyeshe silabi iliyokosewa, si neno pekee.

5.3 Makosa yanayofanana, sababu zinazotofautiana

Tuchukue mfano wa watoto wanne wa kubuni. Watatu wa kwanza wanasoma sentensi "Dada ametuletea maembe", iliyo chini ya picha ya msichana mwenye kikapu.

Mtoto wa kwanza anasoma, "Dada anatuletea maembe." Sentensi yake ina maana na sarufi yake ni sahihi, na picha inamuunga mkono. Lakini hakusoma kilichoandikwa. Katika maandishi maembe yamekwisha kufika; katika usomaji wake yako njiani. Huyu anahitaji kurudishwa kwenye silabi "me" na kuisoma.

Mtoto wa pili anasoma, "Baba ametuletea maembe." Huyu anachanganya herufi b na d, kosa la macho ambalo maneno haya mawili ya nyumbani hulifichua kuliko mengine yote. Anahitaji kazi ya herufi hizo mbili, kwa mkono na kwa jicho, mpaka zitengane.

Mtoto wa tatu anasoma, "Da-da a-me-tu-le-te-a ma-e-mbe", bila kosa hata moja. Anapoulizwa nani amepata maembe, ananyamaza. Kufikia silabi ya mwisho, ya kwanza imekwisha kumtoka. Huyu hahitaji silabi mpya. Anahitaji kusoma tena na tena matini mepesi mpaka silabi ziungane kuwa neno.

Mtoto wa nne, ambaye nyumbani kwao wanazungumza Kiganda, anasoma sentensi nyingine, "Baba alipiga kura", na kutamka "kula". Katika Kiganda r hutokea baada ya irabu e na i, na l hutokea kwingineko. Sauti hizo hazitofautishi maana. Katika Kinyarwanda na Kirundi pia, r na l hazitenganishi maneno kama zinavyofanya katika Kiswahili. Inawezekana mtoto huyu ameiona r na kuitambua, na ulimi wake ukafuata kanuni ya lugha ya nyumbani. Mwalimu atajua kwa kumwomba aonyeshe herufi na kueleza maana ya sentensi. Akieleza habari za uchaguzi, amesoma vizuri. Anahitaji mazoezi ya matamshi, na si kurudishwa kwenye herufi.

Katika daftari la alama, watoto watatu wana kosa moja kila mmoja, na wa nne, yule aliyenyamaza, amepata zote. Alama hizo zinamweka juu ya wenzake mtoto ambaye huenda ndiye anayehitaji msaada zaidi. Mtihani wa maandishi wa darasa zima usingewatenganisha. Mwitikio wa pamoja usingewasikia kabisa. Suala hili linazidi uzito kwa kuwa Kiswahili kinafundishwa sasa kwa watoto wengi wa Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ambao si wote wanaokisikia nyumbani.

6.0 Utaratibu Unaowezekana

Ni dhahiri kwamba programu yenyewe, kama ilivyo, ni ghali kwetu. Mwalimu mmoja anayefundisha watoto wanne kwa siku, nusu saa kila mmoja, hutumia saa mbili. Kwa mizunguko miwili kwa mwaka atahudumia watoto wanane au zaidi kidogo. Darasa la wanafunzi 80 lenye watoto 16 walioachwa nyuma litahitaji walimu wawili wasiokuwepo. Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza utaratibu mwepesi wenye hatua nne.

Kwanza, kila mtoto wa darasa la kwanza asikilizwe peke yake angalau mara moja kila muhula, kwa kusoma silabi, maneno na sentensi chache. Dakika mbili kwa mtoto zinatosha kwa uchujaji huu. Watoto wanane kwa siku humaliza darasa la 80 katika siku kumi za shule.

Pili, watoto watatu walio chini kabisa wapewe dakika kumi kila mmoja, kila siku, wakati wenzao wanaandika au wanasoma wawili wawili. Dakika hizo zigawanywe: kusoma tena matini ya jana huku mwalimu akiandika; kazi ya silabi au herufi iliyotokana na kosa lililoonekana; kisha kuandika sentensi moja kwa visanduku. Visanduku vianze kwa silabi, kwa kuwa ndiyo kipande ambacho sikio la Mswahili hukikata kwa urahisi, ndipo viende kwenye sauti moja moja.

Tatu, mtoto anapokwama aelekezwe kwenye herufi na silabi kwanza. Maana itumike kuthibitisha alichokisoma, isitumike kukisia asichokisoma.

Nne, mtoto akitoka katika kundi hilo aendelee kusikilizwa kila wiki mpaka mwisho wa darasa la pili. Hili ndilo funzo la ufuatiliaji wa mwaka 2022: afua isiyofuatiwa na uangalizi inaweza kupoteza ilichokijenga.

Vifaa vyake ni daftari, kalamu na matini mafupi. Kigumu ni mafunzo ya mwalimu, kwani kuandika anachokisoma mtoto bila kumkatiza na kusoma sababu ya kosa ni ujuzi unaohitaji mazoezi. Katika Reading Recovery, walimu hutazama somo halisi la mwenzao kupitia kioo cha upande mmoja na kulijadili papo hapo. Kioo si lazima. Walimu wawili wa shule moja wanaweza kuketi pamoja, mmoja akifundisha na mwingine akiandika, kisha wakabadilishana.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba afua ya mapema kwa mtoto mmoja mmoja ina sehemu inayoweza kuvuka mipaka ya lugha na sehemu isiyoweza. Inayovuka ni nidhamu ya kusikiliza, kuandika na kuamua hatua inayofuata. Isiyovuka ni dhana ya kwamba maana inaweza kushika nafasi ya herufi. Kiswahili huikataa kwa kila kiambishi chake. Watafiti wa lugha wana kazi mbili za haraka: kutayarisha kipimo cha usomaji kinachohesabu silabi badala ya maneno pekee, na kuorodhesha makosa ya kusoma yanayotokana na lugha za nyumbani za kanda hii, ili mwalimu asimhukumu mtoto kwa lafudhi yake. Utaratibu uliopendekezwa hapa nao unahitaji kujaribiwa katika shule zenye mazingira tofauti kabla ya kuenezwa.

Wakati kazi hizo zikisubiriwa, mwalimu wa darasa la kwanza hana haja ya kungoja. Kesho asubuhi anaweza kumwita mtoto anayekaa nyuma na kuitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, akampa sentensi moja ambayo hajawahi kuisikia, na akanyamaza amsikilize.